Jinsi ya kutafiti tabia na miili ya nyangumi, pomboo na sili: mwongozo kamili, kuanzia swali mpaka data

Kabla hujanunua haidrofoni (maikrofoni ya kwenye maji) wala droni kubali kwanza kitu kimoja: mnyama unaetaka kumsoma hutamwona. Utaona pezi, utaona mgongo, utasikia pumzi ikitoka puuu, alafu kimya dakika kumi na wewe unazungusha macho kwenye maji kama mtu aliepoteza pete. Sili-tembo wa kaskazini akiwa kwenye safari zake za baharini anakaa chini ya maji karibu asilimia 90 ya muda, sasa wewe ulieko juu na daftari lako unamsoma kwenye zile asilimia 10 anazokuja kuvuta hewa, yaani ni sawa na kuandika maisha ya mtu kwa kumchungulia anapopita mlangoni tu. Mbinu zote ntakazoeleza hapa, kuanzia picha mpaka mavi (ndio, mavi, tutafika), ni njia za kuzunguka tatizo hilohilo moja, na siku ukilisahau data yako itakudanganya na wala hutajua.

Hatua ya 1: Swali kwanza, kifaa baadae

Wengi wanaanza na kifaa. Mtu kapata droni, anatafuta cha kufanya nayo, anarudi na video 300 nzuri za kurushia marafiki ila hazijibu chochote. Anza na swali, na ndani ya swali kuwe na vitu vitatu: mnyama yupi, unapima nini, na unalinganisha nini na nini. "Nataka kujua tabia za pomboo" hilo sio swali, hio ni hamu. "Boti ikisogea chini ya mita 100, je pomboo wenye watoto wanakaa chini muda mrefu kuliko wasio na watoto?" hapo sasa tunaongea, manake unajua uhesabu nini, unahitaji saa na kipima umbali, na unajua ni makundi gani mawili utayaweka kwenye mizani.

Mbinu moja inayonisaidia kila mara: chora jedwali la matokeo likiwa tupu kabla hujaenda popote. Weka vichwa vya safu, weka mistari. Ukishindwa kulichora basi swali bado halijaiva, rudi ukae nalo.

Alafu jua swali lako limeegemea wapi. Tabia ni anafanya nini, lini, na nani. Fiziolojia ni mwili wake unawezaje kufanya hivo na unamgharimu nini. Kwa wanyama wa nchi kavu unaweza kuvitenganisha kidogo, hawa wa baharini huwezi, kwa sababu kila wanachofanya kule chini, kula, kuwinda, kulala, kunyonyesha, kinalipiwa na hewa waliyoshuka nayo. Ndio maana hatua inayofuata naiweka mapema hata kama wewe unataka kusoma tabia tu.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya oksijeni

Mwanafiziolojia Per Scholander alichapisha mwaka 1940 kazi kubwa iliyoonyesha mnyama anaezama anabana damu isiende hovyo mwilini na moyo wake unapunguza mwendo. Ila yeye alipimia maabara, wanyama wakiwa wamezamishwa kwa lazima. Kwenye miaka ya 1960 Gerald Kooyman akaenda Antaktika kwenye sili wa Weddell, wanaopumulia kwenye matundu ya barafu, akawafunga kifaa cha kurekodi kina cha maji kilichotengenezwa kwa taima ya jikoni, ile ya kuangalizia mayai, ikizungusha kioo kilichopakwa masizi na sindano inachora. Taima ya jikoni! Mimi huwa nawakumbusha hii wanaolalamika hawana bajeti. Na kilichotoka pale kilikuwa kitu kipya, manake sili aliezama mwenyewe kwa hiari yake sio sawa na aliezamishwa, na mizamo yake mingi mbona ni mifupi kabisa.

Kwa nini mifupi? Hapo ndio hesabu inaingia. Sili wa Weddell anabeba takriban mililita 87 za oksijeni kwa kila kilo ya mwili, binadamu ni kama 20 tu. Na haziko kwenye mapafu kama unavyofikiri, sili wengi wanatoa pumzi kabla ya kuzama, mapafu yanabanwa na maji yanafungwa kabisa huko chini, na hio inasaidia naitrojeni isiingie kwenye damu kwa wingi. Akiba iko kwenye damu na kwenye misuli, kwenye protini inaitwa mayoglobini, ndio maana nyama ya wazamiaji hawa ni nyeusi kama imepikwa na masizi. Mwaka 2013 ilionyeshwa kwamba mayoglobini yao ina chaji kubwa ya umeme juu yake, molekuli zinasukumana badala ya kugandana, ndo hivo zinaweza kujazana nyingi kwenye msuli bila kuharibika.

Sasa fanya hivi. Chukua akiba, gawanya kwa matumizi. Tuseme sili wako anatumia mililita 4 kwa kilo kwa dakika akiwa chini (huu ni mfano, wako utaupima au utautoa kwenye tafiti za spishi yako). 87 gawanya kwa 4 unapata kama dakika 22. Hicho ndicho kikomo chake cha kuzama kwa oksijeni, akipita hapo mwili unaanza kuzalisha asidi ya laktiki na lazima akae juu muda mrefu kuisafisha, kwahiyo mnyama mwenye akili zake anazama mifupi mingi badala ya mmoja mrefu. Ukishajua namba hio, tabia unazoziona juu zinaanza kuwa na maana: kwa nini kapumzika dakika arobaini, kwa nini karudi haraka.

Ila usiiabudu hio hesabu. Nyangumi-mdomo wa Cuvier alikuwa akipewa kama nusu saa kwa hesabu za aina hii, kumbe mwaka 2014 iliripotiwa mmoja amefika mita 2,992 chini, na 2020 ikaripotiwa mzamo wa dakika 222. Dakika mia mbili ishirini na mbili, kwa pumzi moja. Kwahiyo hesabu ni pa kuanzia, alafu mnyama ndio anakusahihisha.

Hatua ya 3: Kibali

Fupi tu. Nchi nyingi zinawalinda wanyama hawa kisheria, na kumkaribia, kumrekodi kwa droni, kumchoma sampuli au hata kuokota mfupa wake kunaweza kuhitaji kibali, cha serikali na cha kamati ya maadili ya chuo au taasisi yako. Anza miezi mingi kabla. Andika kwenye ombi ni lini UTAACHA, mfano mnyama akibadili mwelekeo mara mbili kukukwepa tunamuacha, mama mwenye mtoto mchanga hatumfuati zaidi ya dakika kadhaa. Kamati zinapenda hilo, na wewe litakusaidia siku uko baharini una hamu ya data na huna wa kukushika mkono.

Hatua ya 4: Wajue kwa sura

Huwezi kusema lolote la maana kuhusu tabia kama hujui huyu ni nani na yule ni nani. Habari njema ni kwamba wanajiandikia majina wenyewe: pomboo kwa mikwaruzo na vipande vilivyokatika kwenye ukingo wa nyuma wa pezi la mgongoni, nyangumi wa nundu kwa rangi na alama chini ya mkia, orka kwa pezi pamoja na ile tandiko ya kijivu nyuma yake. Michael Bigg na wenzake walianza kazi hii kwa orka wa British Columbia, Kanada, miaka ya 1970, kipindi ambacho watu walidhani wale wanyama ni wengi wasio na idadi, kumbe ni mamia machache tu na kila mmoja anajulikana. Kule Sarasota Bay, Florida, pomboo wanafuatiliwa tangu 1970 na bado, vizazi kwa vizazi.

Kwa vitendo: kamera yenye lenzi ndefu, spidi ya shata 1/1000 au zaidi, simama jua likiwa mgongoni kwako, boti iende sambamba na wanyama isiwakate mbele. Piga pande zote mbili, kushoto na kulia. Na hapa ndipo wengi wanaharibu, wanapiga wale wenye alama kali tu kwa sababu ndio "wazuri". Usifanye hivo, piga KILA mmoja bila kuchagua, manake wasio na alama utawahitaji kwenye hesabu. Ukirudi, pa kila picha alama ya ubora (imekaza, mwanga, pembe) na alama nyingine tofauti ya jinsi pezi linavyotambulika, usizichanganye, picha mbovu ya pezi lenye alama kubwa bado ni picha mbovu.

Hesabu ya idadi sasa. Safari ya kwanza umetambua 40. Safari ya pili umetambua 50, na kati ya hao 20 ni walewale wa mwanzo. 40 mara 50 gawanya kwa 20 ni 100. Ukitumia sahihisho la Chapman, ambalo ni zuri kwa sampuli ndogo, ni 41 mara 51 gawanya kwa 21 toa 1, unapata kama 99. Hao ni wenye alama tu. Kama kwenye picha zako nzuri asilimia 70 ya mapezi ndio yana alama, gawanya kwa 0.7 unapata kama 141. Hesabu hii inaamini kwamba hakuna aliezaliwa, aliekufa wala aliehama katikati, na kwamba kila mnyama ana nafasi sawa ya kupigwa picha, ambalo sio kweli kabisa kwa sababu kuna pomboo wanaopenda boti na kuna wanaoikimbia kama deni. Kwahiyo safari ziwe karibukaribu, na ziwe nyingi kuliko mbili.

Hatua ya 5: Andika tabia, sio hisia zako

Tengeneza etogramu, yaani orodha ya tabia na maelezo ya kila moja ambayo mtu mwingine akisoma ataona kitu kilekile. "Wanacheza" sio maelezo. "Wanyama wawili au zaidi wanagusana miili, wanageuka tumbo juu, hawaendi mwelekeo mmoja" hayo ni maelezo. Anza na hali kubwa chache: kusafiri, kutafuta chakula, kupumzika, kushirikiana. Vitendo vya mara moja kama kuruka au kupiga mkia unavihesabu pembeni.

Jeanne Altmann mwaka 1974 aliandika kuhusu namna za kuchukua sampuli za tabia, na mpaka leo kila mtu anaegemea hapo. Kiini chake: ukiandika chochote kinachokuvutia macho utapata mirukomiruko, manake kuruka kunaonekana na kupumzika hakuonekani. Kwahiyo chagua moja. Ama unamfuata mnyama mmoja kwa muda uliopangwa na kuandika kila anachofanya pamoja na kila pumzi, ama kila baada ya dakika kadhaa (mfano 3) unapitisha macho kundi zima na kuandika kila mmoja yuko kwenye hali gani wakati huo huo. Ya kwanza ni tamu zaidi kwa fiziolojia kwa sababu inakupa muda wa mizamo na idadi ya pumzi, ila kumfuata mmoja ndani ya kundi la thelathini wanaofanana ni kazi ya kuvunja moyo, usipojua mapezi usijaribu.

BORIS ni programu ya bure ya kuandikia tabia kutoka kwenye video, jifunze hio. Na kabla hamjaanza kukusanya rasmi, watu wawili waangalie video ileile bila kuongea alafu mlinganishe, kuna kipimo kinaitwa kapa ya Cohen cha kuona mnakubaliana kiasi gani ukitoa bahati. Mkiwa chini ya 0.6 hivi tatizo liko kwenye maelezo yenu, yaandikeni upya.

Sasa kisa changu. Nilishawahi kujaza "kupumzika" karibu masaa mawili mazima, kundi limetulia, linaibuka polepole palepale, hakuna fujo. Baadae tulipopata sauti za kutoka chini siku kama ile, kumbe palikuwa na kishindo cha kuwinda! Walikuwa wanashuka kula na kuja juu kupumua tu. Tangu hapo etogramu yangu haina neno "kupumzika", ina "kuibuka polepole bila mwelekeo", alafu maana yake nitaitafuta kwa njia nyingine. Hata pomboo wa Shark Bay, Australia, wanaovaa sifongo mdomoni kujikinga wanapochokonoa chini kutafuta samaki, kwa juu unachoona ni mnyama mwenye kitu puani anaezama muda mrefu, basi. Ilibidi miaka ya kuunganisha mizamo, mama na mabinti, na vinasaba, ndio ikaeleweka kwamba ni ufundi unaorithishwa kwa kufundishana, hasa kutoka kwa mama.

Hatua ya 6: Sikiliza

Sauti kwenye maji inaenda takriban mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya hewani, ndio maana wao wanategemea masikio kuliko macho. Kwa haidrofoni unaingia kwenye ile asilimia 90.

Kosa la kwanza la kila mgeni ni kasi ya kurekodi. Kifaa kinachochukua sampuli 48,000 kwa sekunde kinaweza kukuonyesha sauti mpaka kilohetzi 24 tu, nusu yake, sheria haina huruma. Kwa nyangumi bluu anaeimba chini kabisa, karibu hetzi 10 mpaka 40, hio inazidi hata. Kwa miluzi ya pomboo inatosha kiasi. Kwa milio yao ya mwangwi, ile tiki-tiki-tiki ya kutafutia samaki, ambayo inapanda kupita kilohetzi 100, huoni kitu, na poposi wa bandarini (jamaa mdogo wa pomboo) wako kwenye kilohetzi 130 hivi, hapo unahitaji kurekodi kwa zaidi ya 260,000 kwa sekunde. Nimeona mtu anaandika "hakukuwa na milio ya kuwinda" na kifaa chake hakikuweza kuisikia hata wangelia sikioni mwake.

La pili ni injini. Zima. Zima na pampu, zima na ile mashine ya kupima kina ambayo yenyewe inapiga milio ya juu. Ning'iniza haidrofoni na boya na uzito kidogo ili mawimbi yasiivute juu chini, kamba ikigonga boti utapata ngoma.

La tatu ni saa. Ukitumia haidrofoni kadhaa kutafuta mnyama yuko wapi kwa tofauti ya muda wa sauti kufika, sekunde moja ya makosa ni kilomita moja na nusu ya makosa. Saa za vifaa zinateleza taratibu, kwahiyo ziseti kwa GPS kabla, na ziangalie tena baada, andika zimepishana kiasi gani.

Ukirudi fungua kwenye programu ya Raven au Audacity utazame spektrogramu, yaani mchoro wa sauti, na kwa kazi kubwa kuna PAMGuard ambayo ni ya bure. Sikiliza kwa macho. Nyimbo za nyangumi wa nundu, Roger Payne na Scott McVay walipozichapisha mwaka 1971, ziligundulika ni nyimbo hasa kwa sababu zilichorwa kwenye karatasi na kujirudia kwake kukaonekana. Na pomboo pua-chupa kila mmoja ana mluzi wake maalum, kama jina, mwaka 2013 Stephanie King na Vincent Janik walionyesha kwamba ukiwapigia nakala ya mluzi wao wanaitika, ukipiga wa mwingine hawaitiki hivo.

Wewe ukitaka kufanya jaribio la kupiga sauti namna hio, andaa sauti nyingi tofauti za kila aina. Ukitumia mluzi mmoja tu wa "rafiki" na mmoja wa "mgeni" hujapima urafiki, umepima mafaili mawili.

Na kimya sio kutokuwepo. Orka wanaokula sili na pomboo wanawinda kimyakimya kwa sababu chakula chao kina masikio mazuri. Haidrofoni yako itasema hakuna mtu, kumbe wanapita chini yako.

Hatua ya 7: Tagi, panda nae

Hapa ndio mambo yalibadilika. Mark Johnson na Peter Tyack wa Woods Hole, taasisi ya utafiti wa bahari ya Marekani, walichapisha mwaka 2003 tagi inayorekodi sauti, kina na mwendo wa mnyama kwa pamoja, inashikwa na vikombe vya mpira vinavyojinata kwa kunyonya, unaibandika kwa mlingoti mrefu ukiwa kwenye boti ndogo. Inakaa masaa kadhaa, inaachia, inaelea, unaifuata kwa redio. Kwa sili mambo ni rahisi kidogo, tagi inagandishwa kwa gundi kwenye manyoya na inadondoka yenyewe akibadilisha manyoya, katikati hapo inatuma data kwa setalaiti kila akiibuka.

Vitu vya kuzingatia, bila mpangilio maalum. Tagi iwe ndogo, ikimkwaza maji unapima mnyama aliebeba mzigo. Data ya mwanzo baada ya kubandika usiiamini, mnyama kashtuka, amua MAPEMA utakata saa ngapi za mwanzo sio baada ya kuona grafu. Kipima kina kina tabia ya kuhama sifuri taratibu, sahihisha ili kila anapoibuka isome sifuri. Na andika tagi imekaa sehemu gani ya mwili na imeelekea wapi, bila hivo huwezi kujua kama amegeuka tumbo juu au tagi ndio imepinda.

Zawadi yake ni kubwa. Mwaka 2019 kikundi cha Jeremy Goldbogen kilichapisha mapigo ya moyo ya nyangumi bluu wa Monterey Bay, California, tagi moja ya vikombe: chini akizama moyo ulishuka mpaka mara 2 kwa dakika, juu akipumua ulipanda kupita 30. Na 2023 sili-tembo walivalishwa kofia ya kupima mawimbi ya ubongo, ikaonekana wakiwa baharini wanalala kama masaa mawili tu kwa siku, vipande vya chini ya dakika 20, wakiwa wamezama, wanapinduka na kushuka kwa mzunguko kama jani linaloanguka mtini. Hakuna daftari la juu ya boti lingeona hilo hata likikaa miaka mia.

Hatua ya 8: Pima mwili bila kumkamata

Mavi, nilishaahidi. Kinyesi cha nyangumi kinaelea kwa muda mfupi, kina homoni za msongo, za uzazi, mabaki ya chakula na vinasaba. Wapo mbwa waliofunzwa kukinusa wakiwa mbele ya boti, mbwa anaegemea upande harufu inapotoka na nahodha anafuata. Kazi ya Rosalind Rolland na wenzake kwa nyangumi raiti wa Atlantiki Kaskazini ndio mfano ninaoupenda kuliko yote: baada ya mashambulizi ya Marekani ya tarehe 11 Septemba 2001 meli zilipungua ghafla kwenye Bay of Fundy, Kanada, kelele ya chini ya maji ikashuka kwa desibeli 6, na homoni za msongo kwenye kinyesi zikashuka pia. Walikuwa wanakusanya tayari kwa sababu zao nyingine, ndio maana walikuwa na cha kulinganisha miaka iliyofuata. Kwahiyo gandisha sampuli zako vizuri, andika lebo kwa penseli (wino unafutika), huwezi kujua kesho zitajibu swali gani.

Pumzi nayo inakusanywa kwa droni yenye sahani zinazopita kwenye ule mvuke. Tatizo ni kwamba unapata matone yaliyochanganyika na maji ya bahari kwa kiasi usichokijua, kwa vinasaba na vijidudu sawa, kwa viwango vya homoni uwe mwangalifu sana.

Biopsi ni mshale mdogo unaotoa kipande cha ngozi na mafuta ya chini yake. Ngozi inakupa vinasaba na jinsia, mafuta yanakupa projesteroni (mjamzito au la) na sumu zilizojilimbikiza. Hii achia waliofunzwa.

Droni kwa kupima unene: hesabu ni urefu wa kwenda juu mara upana wa sensa (kile kipande cha kamera kinachopokea mwanga), gawanya kwa (urefu wa fokasi wa lenzi mara upana wa picha kwa pikseli). Droni ikiwa mita 30, sensa milimita 13.2, lenzi 8.8, picha pikseli 5,472, kila pikseli ni kama milimita 8.2. Nyangumi wa pikseli 1,450 ni karibu mita 11.9. Sasa angalia, kipimo cha droni iko juu kiasi gani kikikosea mita 1.5 tu hio ni asilimia 5, nyangumi wako kaongezeka au kapungua sentimita 60 ukiwa umekaa tu. Funga kipima umbali cha leza, na kila siku piga picha ya kitu unachokijua urefu wake kikielea majini.

Alafu waliokufa. Mzoga uliotupwa ufukweni una mengi: tabaka za jino zinasomwa kama pete za mti, nta ya sikio la nyangumi bluu mwaka 2013 ilisomwa homoni na sumu za maisha yake yote, na lenzi za macho ya nyangumi wa boohedi zilizopimwa mwaka 1999 zilionyesha wapo wanaopita miaka 100, mmoja hata 200. Ila sikiliza: usiguse mikono mitupu. Wanabeba magonjwa yanayomhamia mtu, na homa ya ndege ya H5N1 iliua simba wa bahari kwa maelfu Peru na Chile kuanzia mwishoni mwa 2022. Glavu, barakoa, miwani, na nyangumi aliefura kwa gesi usimkate kama hujawahi, anapasuka. Piga simu kwa wahusika wa wanyama waliokwama kwanza.

Hatua ya 9: Usijidanganye kwenye uchambuzi

Tagi nne zimekupa mizamo 10,000. Una sampuli ngapi? Nne. Ndio, nne. Mizamo ya mnyama mmoja inafanana, na mzamo wa sasa unafanana na uliopita. Tumia modeli mchanganyiko ndani ya R (programu ya takwimu), kitambulisho cha mnyama kikae kama athari ya nasibu, yaani hesabu ijue mizamo ipi ni ya mnyama yupi, na shughulikia mfuatano wa muda. Matokeo yako "makali" yatalegea, na ndivyo yanavyotakiwa.

Jiulize pia nini kilikuzuia kuona. Unatoka siku za utulivu tu, basi unajua tabia za siku za utulivu. Unaona mchana, hujui usiku. Mawimbi yakianza kutoa povu jeupe uwezo wa kuona pezi dogo unaporomoka, kwahiyo hali ya bahari iwe safu kwenye jedwali lako, kila mstari, bila kukosa.

Hatua ya 10: Na kama huna boti?

Hii ningeiweka mwanzo kabisa ila ungeacha kusoma. Njia za wanyama wenye tagi zipo kwenye tovuti ya Movebank, baadhi ziko wazi kwa yeyote. Mahali walipoonekana viko OBIS-SEAMAP. Happywhale inapokea picha za mikia kutoka kwa watu wa kawaida na kuzilinganisha kwa kompyuta, unaweza kuchangia zako na ukaambiwa huyo nyangumi alishaonekana wapi. Chukua data ya mtu mwingine, jaribu kurudia grafu moja tu ya utafiti uliokwisha chapishwa, utajifunza mengi kuliko kozi nzima, hasa utakapogundua grafu yako haifanani na yao na unatumia wiki mbili kutafuta kwa nini. Mimi wiki zangu mbili jibu lilikuwa saa: mafaili yao yalikuwa kwenye saa za kimataifa, yangu kwenye saa za hapa nilipo, sili wangu wote walikuwa wanalala mchana.